Vidonge vya tezi: ni dawa inayokuumiza, au dozi?

Shangazi yangu anaishi Uyole, Mbeya, pale barabara ya Tukuyu inapochepuka kutoka barabara kuu. Shingoni ana kovu jembamba kama uzi wa cheni. Aliondolewa rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingoni, miaka kadhaa iliyopita, na tangu hapo anameza kidonge kimoja kila asubuhi. Jirani yake naye ana ugonjwa wa tezi, naye anameza vidonge. Wanaimba kwaya moja, wanapalilia viazi pamoja, na siku jirani alipoishiwa dawa huku hana nauli ya kwenda mjini, shangazi alikata vidonge kumi na vinne kwenye paketi yake, akampa. "Si zote za tezi?"

Wiki mbili baadaye jirani alikuwa hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Usiku halali. Moyo, kwa maneno yake mwenyewe, ulikuwa unakwenda kama mashine ya kusaga. Alichosema kwa watoto wake ni kwamba dawa za tezi zinamuua na hatazigusa tena.

Hakuna kati ya wanawake hawa wawili aliyekosa akili. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba dawa zao zinapingana kama maji na moto. Shangazi anatumia levothairoksini, ambayo ni homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Hiyo inaongeza. Jirani anatumia kabimazoli, inayoizuia tezi isitengeneze homoni. Hiyo inapunguza. Mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi akiacha kabimazoli na kumeza levothairoksini, anamwaga mafuta ya taa kwenye moto uliokuwa umeanza kufifia. Na levothairoksini haitoki mwilini upesi: siku saba hivi baada ya kumeza, nusu yake bado imo. Jirani alirudishiwa dawa yake hospitalini, lakini alichukua wiki kadhaa kutulia.

Kwa hiyo "natumia dawa ya tezi" ni sentensi isiyotosha. Jua jina la dawa yako, jua ni miligramu au mikrogramu ngapi, na usimpe mtu.

Kila ninaposikia mtu wa huku kwetu akisema dawa zimemshinda na anatafuta mbadala, naona mambo matatu yamefungwa fundo moja: ugonjwa wenyewe ambao bado haujatulia, dozi isiyomfaa, na maudhi ya kweli ya dawa. Kila moja lina njia yake ya kulitatua, na ukiyachanganya unaweza kuitupa dawa isiyo na kosa.

Baridi, kukonda, na hukumu ya mtaani

Tezi ya thairoidi ina umbo la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini ya koromeo. Homoni yake ndiyo inayopanga mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, chakula kiunguzwe kwa kasi gani, mwili uwe na joto kiasi gani. Ikilegea, mtu anasikia baridi, anachoka, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, uzito unapanda, sauti inakuwa nzito. Ikizidisha, mtu anatoka jasho, anakonda huku anakula vizuri, mikono inatetemeka, usingizi unakimbia, na kwa baadhi macho yanatokeza.

Sasa iweke picha hiyo katika mazingira yetu. Mwezi wa sita na wa saba, Makete, theluji nyembamba ya alfajiri inaunguza majani ya viazi. Mwanamke akisema anasikia baridi, nani atafikiri ni ugonjwa? Na mwingine akikonda, mtaa unatoa hukumu kabla ya maabara. Katika utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022 hadi 2023, Njombe iliongoza nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima, ikifuatwa na Iringa kwa 11.1 na Mbeya kwa 9.6. Tumeuguza na kuzika wengi, na kukonda kwetu kumepewa maana moja tu. Kipimo cha VVU kikirudi hasi, watu wanahamia kwenye uchawi, hasa kama macho yametokeza. Nimeona familia ikiuza ng'ombe kumtafutia dada yao mganga, wakati kipimo kimoja cha damu kingetoa jibu.

Rovu lenyewe ni ugonjwa wa milimani wa tangu zamani. Mvua nyingi huosha madini joto kutoka kwenye udongo wa miinuko, na tezi inayokosa madini joto huvimba ikijaribu kukamata kile kidogo kilichopo. Waswisi waliopo chini ya milima ya Alps waliteseka hivyo hivyo hadi walipoanza kuweka madini joto kwenye chumvi mwaka 1922. Kwetu, miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, serikali iligawa kapsuli za mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kisha chumvi yenye madini joto ikachukua nafasi yake. Wazee wengi wenye marovu makubwa tunaowaona leo ni wa kizazi kilichokua kabla ya chumvi hiyo.

Kipimo kinachotajwa zaidi kinaitwa TSH, na kinawachanganya wengi kwa sababu kinasomwa kinyume. TSH ni sauti ya ubongo ikiiita tezi. Ni kama mama anayemwita mtoto aliyeko mtoni: asipoitika, sauti inapanda. TSH ikiwa juu, maana yake homoni ni pungufu. TSH ikiwa chini kabisa, homoni imezidi na ubongo umenyamaza. Maabara nyingi huweka kawaida kati ya 0.4 na 4.0 hivi. Omba nakala ya majibu na uitunze. Ukihamia hospitali nyingine, karatasi hiyo ina thamani kuliko maelezo yako yote.

Kidonge, chai ya maziwa na kalisi

Hapa nirudi kwa shangazi, kwa sababu yaliyompata yanawapata wengi.

Baada ya upasuaji alipewa levothairoksini ya mikrogramu 100 na vidonge vya kalisi (kalsiamu). Asubuhi, saa kumi na mbili, alikuwa anaweka vyote viwili kwenye kiganja na kuvisukuma kwa chai ya maziwa. Maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, chai ya Rungwe, mazito kweli kweli. Kila alipopima, TSH ilikuwa juu. Alikuwa mchovu, amevimba uso, anavaa sweta mbili. Daktari alimuuliza kama anameza dawa, akajibu ndiyo, na alisema kweli. Dozi ikapandishwa hadi 125, kisha 150.

Siku moja muuguzi wa kliniki alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Mama, unameza na nini?" Alipoeleza, muuguzi akashika kichwa. Kalisi hushikana na levothairoksini tumboni na kuizuia isiingie kwenye damu. Maziwa na chakula navyo hupunguza kiasi kinachoingia. Shangazi akaelekezwa ameze kwa maji matupu, asubiri saa nzima ndipo anywe chai, na kalisi aipeleke mchana.

Alifuata kwa uaminifu. Mwezi haukuisha, moyo ukaanza kumwenda mbio, mikono ikatetemeka, usiku anahesabu mabati. Akasema muuguzi amemharibu. Kumbe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mikrogramu 150 zinaingia bila kuzuiwa. Dawa haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni kiasi kilichofika kwenye damu. Alishushwa hadi 100, akapimwa baada ya wiki nane, na ile dawa aliyotaka kuitupa ikakaa sawa.

Ndiyo maana nasema karibu yote yanayoitwa maudhi ya levothairoksini ni lugha ya dozi. Moyo kwenda mbio, jasho, kuharisha, hasira za ghafla, kukosa usingizi: hizo ni dalili za homoni kuzidi. Uchovu, baridi na choo kigumu ni dalili za homoni kupungua. Dozi ikizidi kwa muda mrefu, hata bila mtu kusikia vibaya sana, mifupa hupungua nguvu na moyo unaweza kuanza kupiga bila mpangilio, hasa kwa wazee. Si jambo la kuvumilia ukisema utazoea. Ni la kupima na kurekebisha.

Vinavyogongana na kidonge hiki katika jikoni zetu ni vingi. Kahawa ya Mbozi inapunguza kiasi kinachoingia. Uji wa lishe uliochanganywa na soya, ambao tunawapa wagonjwa kwa nia njema, nao unapunguza. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito, kalisi, na dawa za kutuliza asidi ya tumbo, vyote vikae mbali na levothairoksini kwa saa nne. Omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, ikitumiwa kila siku inaweza kulazimisha dozi ibadilishwe. Soya yenyewe si sumu. Kinachotakiwa ni isiwe dakika ileile na kidonge.

Kwa mkulima anayetoka alfajiri bila muda wa kusubiri saa nzima, kuna njia nyingine: kumeza usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha jioni. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2010 uliwalinganisha waliomeza asubuhi na waliomeza usiku, na wa usiku walipata majibu mazuri zaidi ya damu. Ila chagua wakati mmoja ubaki nao, na mweleze daktari, upimwe tena baada ya wiki sita hadi nane. Huo ndio muda ambao mwili unahitaji kuonyesha ukweli wa dozi mpya. Kupima baada ya wiki moja ni kupoteza hela.

Mjamzito ni habari tofauti. Mahitaji yake ya homoni hupanda mapema sana, mara nyingi kwa robo hivi au zaidi, na mtoto tumboni anamtegemea mama kwa ubongo wake. Mwanamke anayetumia levothairoksini akijua tu ana mimba, aende kliniki wiki hiyohiyo na aseme anatumia dawa gani.

Mimi binafsi naamini swali la yule muuguzi lingepaswa kuandikwa kwenye kila kadi ya mgonjwa wa tezi.

Kabimazoli: homa ambayo si ya kungojea

Hapa naomba usome polepole, hata kama wewe si mgonjwa, kwa sababu huenda nyumbani kwako yupo.

Maudhi ya kabimazoli yaliyozoeleka ni madogo: kuwashwa, vipele, tumbo kuchafuka, viungo kuuma. Kuwashwa mara nyingi hutulizwa kwa dawa ya mzio huku matibabu yakiendelea. Wengine hulalamika kwamba wananenepa, na hapo mara nyingi ni uzito ulioporwa na ugonjwa unaorudi.

Lakini lipo dhara moja la nadra, linalowapata chini ya mtu 1 kati ya 100, na linaua. Dawa huweza kuzima uzalishaji wa chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu. Hutokea zaidi katika miezi mitatu ya kwanza, na huja ghafla. Dalili zake ni homa, koo kuuma sana, vidonda mdomoni. Na hizo ndizo dalili ambazo huku kwetu kila mtu ana jibu lake mfukoni: ni baridi, ni mafua, ni malaria, ni taifodi. Mtu anapita duka la dawa, anachukua antibayotiki, anaendelea kumeza kabimazoli, na siku ya tatu anabebwa kwenye bajaji.

Ukipata homa na koo ukiwa kwenye kabimazoli, simamisha dawa hiyo, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na sema maneno haya: "Natumia kabimazoli, naomba nipimwe FBP." Hicho ni kipimo cha kawaida cha kuhesabu chembe za damu. Chembe zikiwa sawa, utarudi kwenye dawa kwa ushauri wa daktari. Zikiwa zimeshuka, hutakiwi kuigusa tena maishani. Macho au ngozi kuwa njano na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi nako ni sababu ya kwenda leo, kwa sababu ini linalalamika.

Jambo lingine linalowavunja moyo watu ni kwamba kabimazoli haileti nafuu siku ya pili. Inazuia homoni mpya, lakini tezi ina ghala la homoni iliyokwisha kutengenezwa, na ghala hilo huchukua wiki tatu hadi sita kupungua. Katikati hapo daktari anaweza kuongeza propranololi, inayotuliza moyo na mikono. Mwenye pumu aseme mapema, maana propranololi inaweza kumbana kifua.

Na mwanamke anayepanga kupata mtoto azungumze na daktari kabla, kwa kuwa kabimazoli katika miezi ya kwanza ya mimba inaweza kumdhuru mtoto. Dawa inayotumika zaidi kipindi hicho ni PTU, ambayo nayo ina hatari yake kwenye ini na ndiyo maana haipewi kila mtu.

Mbadala, na kila mmoja na gharama yake

Watu wakiniuliza mbadala, wengi wanamaanisha kitu cha asili. Basi tuanze huko. Matibabu ya kwanza kabisa ya tezi iliyolegea yalikuwa ya asili: mwaka 1891, huko Newcastle nchini Uingereza, daktari George Murray alimdunga mgonjwa maji yaliyotokana na tezi za kondoo. Mama yule aliishi miaka 28 zaidi, na katika muda huo alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Hadi leo katika nchi kama Marekani zipo dawa zinazotokana na tezi ya nguruwe iliyokaushwa. Kwa Mwislamu au Msabato hilo peke yake linafunga mjadala. Kwa wengine, shida ni uwiano: tezi ya nguruwe ina homoni kali ya T3 nyingi kuliko inavyotoa tezi ya binadamu, na T3 huupandisha moyo haraka na kuuacha haraka. Thairoksini iliyo kwenye kidonge cha shangazi ni molekuli ileile inayotolewa na shingo yako.

Mwani, matone ya madini joto na unga wa "kusafisha tezi" unaouzwa kwenye mabasi ni jambo linalonitia hofu. Asiye na tezi hafaidiki na madini joto ya ziada, kwa kuwa hakuna cha kuyatumia. Mwenye rovu la zamani lenye vinundu anaweza kuwashwa moto nayo: miaka ya 1990, Zimbabwe na mashariki ya Kongo, baada ya chumvi yenye madini joto kuenea, watu wa aina hiyo walianza kuugua tezi iliyozidisha. Na mwaka 2013 watafiti Marekani walipochunguza virutubisho 10 vya tezi vilivyokuwa vinauzwa bila cheti cha daktari, 9 vilikuwa na homoni ya T3 ndani. Mtu anasikia amechangamka, anashukuru mizizi, kumbe anakunywa homoni isiyopimwa.

Kwa aliyelegea tezi na TSH yake ni nzuri lakini bado hajisikii vizuri (wapo, kati ya 5 na 10 katika kila 100), kabla ya kubadilisha dawa apimwe wingi wa damu, sukari, vitamini B12, na aulizwe kuhusu usingizi, huzuni na ukomo wa hedhi. Mara nyingi mkosaji yumo humo. Kuongeza T3 ya vidonge kunawezekana, lakini majaribio mengi hayajaonyesha kwamba inashinda levothairoksini peke yake, na inahitaji daktari bingwa wa kuifuatilia. Jambo rahisi zaidi ni kubaki na dawa ya kiwanda kimoja. Duka likikubadilishia kiwanda, pima tena.

Kwa mwenye tezi iliyozidisha, mbadala wa vidonge ni miwili. Madini joto yenye mionzi humezwa kama kapsuli, yanakwenda moja kwa moja kwenye tezi na kuiunguza kimyakimya. Kutoka Mbeya safari yake ni ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, zaidi ya kilomita 800. Hayapewi mjamzito wala anayenyonyesha, na yanaweza kuzidisha tatizo la macho, hasa kwa mvutaji sigara. Upasuaji ndio mwingine, na hapo mkono wa daktari aliyezoea ndio kila kitu, maana mshipa wa fahamu wa sauti na tezi ndogo zinazolinda kalisi zimejibanza palepale. Mswisi Theodor Kocher, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake ya tezi, aligundua kwa uchungu kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi yote walizubaa na kuvimba, enzi ambazo homoni ya kuwarudishia haikuwepo. Leo ipo. Anayechagua njia yoyote kati ya hizi mbili ajue kwamba mara nyingi anahamia upande wa shangazi: kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yote.

Jirani amefikishiwa maelezo haya yote na daktari wa magonjwa ya ndani, taratibu, mara mbili. Macho yake yametokeza kidogo, kwa hiyo mionzi inamtia wasiwasi. Anaimba sauti ya kwanza, kwa hiyo kisu shingoni kinamtia wasiwasi zaidi. Amebaki na kabimazoli, miligramu 5 kwa siku, na daktari amemwambia kwamba akiwa anapimwa ipasavyo anaweza kuendelea hivyo kwa miaka. Nyuma ya kava la simu yake amekunja karatasi aliyoandikiwa na binti yake kwa kalamu nyekundu: jina la dawa, dozi, na chini yake, "Homa na koo, FBP siku hiyohiyo."